Mbwa Hasomi Kibao

Msikilizaji mpendwa, juma hili nakuomba tuzungumze habari za mbwa. Najua wako watakaoguna. Watasema nchi ina mambo makubwa ya kuzungumzwa, bei ya unga, barabara, ada za shule, na huyu mtangazaji anatuletea habari za mbwa! Nivumilie kidogo. Mbwa ninayemsema leo anahusika na simba wa Serengeti, anahusika na chakula cha Mhadzabe wa Bonde la Yaeda, na zaidi ya yote anahusika na uhai wa mtoto anayechunga mbuzi chini ya Mlima Hanang'.

Tuanze na sheria. Ukifika kwenye lango la hifadhi yoyote ya taifa hapa Tanzania, iwe Manyara, Tarangire au Serengeti, huruhusiwi kuingia na mnyama wa kufugwa. Mbwa wako awe amefungwa kamba, awe amefungwa mnyororo, au awe amepakatwa kama mtoto mchanga, jibu la askari wa hifadhi ni lile lile: arudi nyumbani. Aidha, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mtu kuwinda kwa kutumia mbwa.

Wenzetu wa nchi nyingine wana utaratibu tofauti. Katika hifadhi za taifa za Marekani, zile sehemu ambazo mbwa anaruhusiwa kufika, sharti lake ni kamba isiyozidi futi 6. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 2000 iliyowafungulia wananchi mbuga na milima kwa matembezi inamtaka mwenye mbwa amfunge kamba isiyozidi mita 2, kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 31 Julai, kwa sababu huo ndio wakati ndege wanaotaga chini wanalea makinda. Na akikaribia mifugo ya watu, kamba ni lazima mwaka mzima.

Basi ndugu zetu waliokaa huko ughaibuni hurudi na swali: kwa nini na sisi tusiruhusu kamba? Mtu ana mbwa wake mzuri, kamuogesha, kamfunza, kwa nini asitembee naye porini?

Swali ni la haki, na linastahili jibu badala ya kukemewa. Jibu la kwanza ni kwamba pori letu si kama pori lao. Chui anapenda sana nyama ya mbwa. Ukiingia na mbwa katika msitu wenye chui umeingia na kitoweo chake. Nyati naye akimwona mbwa humfukuza, na mbwa akifukuzwa hukimbilia kwa nani? Kwa bwana wake. Kwa hiyo mbwa uliyemchukua akulinde anakuletea nyati mgongoni.

Jibu la pili ndilo kubwa zaidi. Kamba huzuia meno ya mbwa na miguu yake, lakini haizuii maradhi aliyonayo.

Mapema mwaka 1994, watu waliokuwa wakipaa kwa puto juu ya Serengeti, wakitazama wanyama, walimwona simba akitetemeka na kuanguka kwa degedege. Baada yake wakaonekana wengine. Madaktari wa mifugo wa hifadhi walipochunguza waligundua ni virusi vya distempa, ugonjwa unaojulikana siku zote kuwa ni wa mbwa. Ulipokwisha kupita, simba kama 1,000 walikuwa wamekufa au kutoweka, yaani theluthi moja ya simba 3,000 waliokuwa wakikadiriwa kuwapo. Ugonjwa ukavuka mpaka mpaka Maasai Mara, Kenya, ukaua pia fisi, chui na bweha.

Virusi hivyo vilitoka wapi? Wakati huo vijiji vilivyoizunguka Serengeti vilikuwa na mbwa takriban 30,000, na karibu wote hawakuwa na chanjo. Wataalamu waliona huko ndiko chanzo kilikokuwa. Haikuhitajika mbwa avuke mpaka kwa miguu yake, maana fisi anaingia kijijini usiku, anakula mzoga wa mbwa aliyekufa kwa maradhi, na alfajiri amerudi mbugani.

Kwa haki tuseme pia kwamba mbwa si mkosaji wa peke yake. Baadaye ilibainika kwamba ukame wa mwaka 1993 uliwadhoofisha nyati, wakajaa kupe, na simba waliowala nyati hao wakapata vijidudu vya damu vilivyoufanya ugonjwa uwe mkali kuliko kawaida. Tena utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata baada ya mbwa wengi wa vijijini kuchanjwa, virusi vya distempa viliendelea kuzunguka miongoni mwa wanyama wa porini wenyewe. Kwa hiyo chanjo ya mbwa haimalizi kila kitu. Lakini kwa kichaa cha mbwa mambo ni tofauti, na huko ndiko nataka tufike.

Kwanza twende Mbulu na Hanang'.

Anayezijua wilaya hizi mbili za Mkoa wa Manyara anajua kwamba huko mtu na hifadhi ni majirani wa karibu. Mbulu inapakana na msitu wa Marang, ambao mwaka 2009 uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Kuna msitu wa Nou, unaolinda vyanzo vya maji. Hanang' kuna mlima wenyewe, wenye urefu unaopita mita 3,400, na msitu wake ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Na upande wa magharibi wa Mbulu kuna Bonde la Yaeda, ambako Wahadzabe wanaishi kwa upinde, asali, matunda na mizizi, na ambako mwaka 2011 walipewa hati ya kimila ya ardhi yao.

Kandokando ya sehemu hizo zote wako Wairaqw na mashamba yao, wako Wadatoga na ng'ombe wao, na karibu kila mji una mbwa. Huyu si mbwa wa kutembezwa jioni. Ni mlinzi wa zizi, ni msaidizi wa mchungaji, ni kengele ya usiku. Hafungwi kamba, na chakula anachopewa nyumbani hakimtoshi, kwa hiyo hujitafutia mwenyewe. Mchungaji akiingia msituni kutafuta majani wakati wa kiangazi, mbwa anamfuata. Akiona digidigi anamfukuza, akikuta kinda anakula. Hapo lango hakuna, askari hayupo, na kibao kikiwapo, mbwa hasomi kibao.

Niliwahi kuuliza juu ya kamba pale mnadani karibu na Katesh. Nilimwamkia mzee mmoja, nikamweleza ninachotafuta. Akanitazama, akauliza, "Kijana wangu, wewe umefuga mbwa?"

Nikamjibu, "Hapana mzee, nakaa nyumba ya kupanga."

"Ndiyo maana unauliza habari za kamba," akasema. "Fisi akija saa nane ya usiku, hiyo kamba itamkamata nani? Fisi au mbwa wangu?"

Watu waliokuwa karibu walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini mzee hakuishia hapo. Aliendelea akasema, "Sisi hatukatai serikali. Bwana mifugo alikuja hapa na chanjo, tukapeleka mbwa wote. Mwaka uliofuata tulimngoja hakuja. Na waliofuatia hatukumwona. Sasa mkosaji ni mbwa wangu?"

Msikilizaji, maneno ya mzee yule ndiyo kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Sheria inayomzuia mbwa asiingie hifadhini ni njema, nami naiunga mkono. Lakini katika Mbulu na Hanang' haiwezi kutekelezwa kwa kamba ya katani, wala kwa kibao, wala kwa faini peke yake. Kamba pekee inayoweza kumfikia mbwa wa mfugaji mahali popote alipo, zizini, malishoni au katikati ya msitu, ni chanjo. Na kamba hiyo haiwezi kusokotwa na mwenye mbwa peke yake.

Tutazame sasa kichaa cha mbwa. Huu ni ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, hakuna dawa. Duniani unakadiriwa kuua watu kama 59,000 kila mwaka, na karibu wote wameumwa na mbwa. Kwa hapa Tanzania, hesabu ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2002 ilikadiria vifo kama 1,500 kwa mwaka, wengi wao vijijini, na wengi wao watoto. Mtoto ndiye anayecheza na mbwa, ndiye anayechunga, ndiye mfupi, kwa hiyo akishambuliwa huumwa usoni na kichwani, mahali ambapo virusi haviendi mbali kufika kwenye ubongo.

Katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, nilimkuta baba aliyekuwa na mtoto wa miaka tisa ameumwa mkononi na mbwa asiyejulikana, aliyetokea upande wa msitu. Walikwenda kwenye zahanati wakaambiwa chanjo haipo, waende mbele. Mbele wakaambiwa ipo, lakini si ya sindano moja, na kila sindano ina siku yake. Nauli, chakula, mahali pa kulala, na bei ya dawa yenyewe, vyote vilikuwa juu yake. Aliuza mbuzi wawili, akakopa fedha nyingine kwa shemeji yake. Mtoto alimaliza sindano zote na akapona. Lakini nilijiuliza, asingekuwa na mbuzi wa kuuza ingekuwaje? Dozi moja ya mbwa ni rahisi mara nyingi kuliko chanjo ya mtu aliyekwisha kuumwa. Tunaogopa gharama ndogo, tunalipa kubwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita na unazimika. Kwa nini iwe kila mwaka? Kwa sababu mbwa wa kijijini hawaishi muda mrefu. Hawa wanakufa, vitoto vinazaliwa, na baada ya mwaka ile hesabu ya 70 imeshuka. Kuchanja mwaka mmoja na kuruka miaka mitatu ni sawa na kujenga ua na kuacha mlango wazi.

Wako wanaosema dawa ni kuwapiga risasi mbwa wote wanaozurura. Njia hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi, na peke yake haijamaliza kichaa cha mbwa. Ukiua mbwa, unawaua na wale waliokwisha kuchanjwa, nafasi zao zinajazwa na vitoto visivyo na chanjo, na wafugaji wanawaficha mbwa wao siku bwana mifugo anapokuja. Umepoteza chanjo, umepoteza na imani ya watu.

Kwamba jambo hili linawezekana tumeliona hapa hapa nchini. Kisiwa cha Pemba kilipambana na kichaa cha mbwa kwa kampeni za chanjo, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ukawa umekwisha. Chanjo ilipolegea, mwaka 2016 ukaingia tena. Wakaanza upya, na mwaka 2018 ukaondolewa mara ya pili. Pemba inatupa mafundisho mawili kwa pamoja: ugonjwa unaondoka, na ukiulegezea unarudi.

Na ukitaka kuona gharama ya kulegea kwa upande wa wanyamapori, tazama Ethiopia, katika milima ya Bale. Huko yupo mbweha mwekundu asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote duniani, na idadi yake haifiki 500. Wafugaji wanapanda na mbwa wao katika malisho ya juu kama wanavyofanya wafugaji wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tena mwaka 2003, kichaa cha mbwa kilitoka kwa mbwa hao kikawaingia mbweha, na katika bonde moja kiliua karibu robo tatu yao. Mnyama wa namna hiyo akitoweka, hakuna mahali pa kwenda kununua mwingine.

Sasa tufanye nini? Nina maneno kwa watu wa aina tatu.

La kwanza ni kwa wakuu wa hifadhi na halmashauri za wilaya. Chanjo ya mbwa katika vijiji vinavyopakana na Marang, Nou na Mlima Hanang' ihesabiwe kuwa ni sehemu ya ulinzi wa hifadhi, kama vile bunduki ya askari na mafuta ya gari lake. Mtalii anakuja kumwona simba, na simba analindwa na mbwa mwenye chanjo aliyeko kijijini. Basi fedha ya mtalii impate na mbwa huyo. Si haki mfugaji aambiwe alinde mali ya taifa kwa gharama yake mwenyewe, halafu akiteleza atozwe faini. Na ratiba iwepo: mwaka huu, mwaka kesho na mwaka keshokutwa, siku itangazwe mnadani na katika nyumba za ibada, ili yule mzee wa Katesh asingoje bure.

La pili ni kwa wafugaji. Mbwa mlinzi ni haki yako, lakini mbwa wanne wanaofuata ng'ombe hadi msituni si walinzi tena, wamekuwa wawindaji. Fuga unaoweza kuwalisha. Waache zizini siku unapochunga karibu na mpaka. Na ukiwa upande wa Yaeda kumbuka kwamba digidigi anayefukuzwa na mbwa wako kwa mchezo ni chakula cha mtu. Mhadzabe hana ghala la mahindi. Pori ndilo ghala lake, na mbwa wako ameingia humo bila hodi.

La tatu ni kwako wewe unayekaa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, unayesoma gazeti hili baada ya kunisikia redioni. Mwezi wa Desemba wengi mnarudi nyumbani kwa likizo, na siku hizi wapo wanaorudi na mbwa ndani ya gari. Mchanje kabla ya safari, uwe na cheti chake. Ukifika, mfunge kamba, kwa maana yeye hajui ng'ombe na ng'ombe hawamjui. Ukitaka kupanda Mlima Hanang' pita kwanza ofisi ya TFS, upate kibali na mwongozaji, na mbwa umwache nyumbani. Usiseme wangu ni mpole. Upole wa mbwa wako pongo haujui. Yeye akisikia harufu ya mbwa anakimbia na kuacha kitoto chake.

Na kwa wote, mjini na kijijini, shikeni jambo hili moja hata mkisahau mengine yote niliyosema. Mtu akiumwa au akiparuzwa na mbwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Siyo dakika moja, ni dakika 15 kwa saa. Usipake majivu, usipake mafuta ya taa, usifunge kitambaa ukangoja uone itakuwaje. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Ugonjwa huu huweza kukaa mwilini kwa miezi bila kujionyesha, na siku utakapojionyesha, utakuwa umechelewa.

Umoja wa mataifa na mashirika ya afya ya dunia waliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinacholetwa na mbwa. Lengo hilo halitafikiwa katika kumbi za mikutano. Litafikiwa chini ya mti, siku ya mnada, mbwa wamepangwa mstari, watoto wamewashika shingoni kwa kamba za katani, na bwana mifugo amekuja na sanduku lake la barafu kama alivyoahidi.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.